Sahani Mbili za Mama

Dada Paskalina, shikamoo. Niko Mbulu, baridi inauma vidole. Nimeagiza ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa samli kwa mama ntilie sokoni. Tonge la kwanza tu, nikamkumbuka marehemu mama. Yule mama ntilie akanitazama, akanitambua, akasema, "Mama yako ndiye aliyenifundisha kupika, alipokuwa akiuza chakula hapa hapa. Kila mchana alifunika sahani mbili, zenu mkitoka shule. Ninyi mkawa mnazunguka nyuma ya soko, wenzenu wasijue ni mama yenu." Wewe ndiye ulinionyesha ile njia, dada, na mimi nikaifuata. Leo huyu mama ntilie amefunika sahani yako pia. Msalimie shemeji. Nakuombea afya, na njaa ya kuja kuila.

Mdogo wako, Emanueli