Uzi wa Wivine

Kamalondo, Lubumbashi

Mdogo wangu Musonda,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wa nyumba yako huko Kasenga. Mguu wako umepoa? Huku tunapumua tu. Vumbi la majira haya limenikamata kifuani, lakini bado nafundisha.

Mwanafunzi amebaki mmoja: Wivine, mjane wa marehemu ndugu yetu Chishimba. Anataka kuingia shule ya wachungaji, na huko wanadai Kigiriki cha kale. Nilimwanzishia kitenzi kile nilichowaanzishia wote seminarini: luo, ninafungua, luso, nitafungua, elusa, nilifungua. Mwisho leluka, ninayoipenda kuliko zote: nimefungua, na mpaka sasa kiko wazi. Nilimweleza kwamba Wagiriki walikitumia kwa kamba ya punda, kwa mfungwa, hata kwa ndoa.

Alisikiliza, akatazama uzi mweusi wa matanga mkononi mwake, akauliza, "Shemeki, na miye batanifungula siku gani?"

Unajua desturi: anayeufungua ni dada ya marehemu, na dada ni wewe peke yako. Mwaka umepita. Nilipokuomba uje, ulijibu kwamba mjane anayeshika kitabu kwenye kilio, mume wake ni kitabu, basi kimfungue chenyewe. Huku watu walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu wachungaji wamesema hawapokei mjane aliye bado na uzi.

Sasa nikuambie nililolificha. Jumapili nilichukua wembe nikaukata mimi. Nilijua kwetu ndugu wa kiume wa marehemu akiugusa, amemrithi mjane. Nilidhani uzee wangu utawanyamazisha watu. Kesho yake barabara nzima ilimwita bibi ya mwalimu, yaani mke wangu. Wachungaji wamemkataa. Wivine mwenyewe hanijibu hata salamu.

Njoo, Musonda. Mvalishe uzi mwingine mbele ya watu, kisha umfungue kwa mikono yako. Matusi uliyo nayo nipe mimi, mbele ya hao hao. Yeye hakuniomba. Alinyoosha mkono kwa sababu mimi, mkubwa wake, nilisema ninaweza.

Nisalimie watoto, na uwaambie mjomba wao bado yuko hai.

Mkubwa wako,
Kangwa