Filamu Sita za Papa Neema

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeshona kola tatu za kwaya, zote zimepinda. Akili haiko. Papa Neema ametoka Lilongwe saa nane, kabaza, baiskeli ya abiria, imemshusha mlangoni, amekaa kitandani na viatu vyake. Dokta amesema kisanduku cha sauti kimeharibika. Kitatolewa chote, tarehe 18. Hakuna nusu. Akitoka pale atapumua kwa tundu la shingo, na hatasema tena maisha yake yote.

Mume wangu kazi yake ni kusema. Miaka kumi na moja anasimama mbele ya salle yetu ya filamu, kibanda cha miti na shiti nyeusi, mikro mkononi, anafasiri filamu. Wachina wanapigana, yeye anawapa Kiswahili cha Bukavu. Jambazi analia, yeye analia naye. Batu ya kambi hii ya Dzaleka hawaji kuona filamu, wanakuja kusikia Papa Neema. Zaidi kicheko chake. Kinaanzia tumboni, kinakwama, halafu kinamwagika chote.

Nimemwambia pole. Pole gani? Nimejichukia.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpaka siku ile asiseme, asicheke, asilie. Dokta amekataza vyote. Sasa yeye anaandika kwenye cahier ya Neema, binti yetu, na mi najibu kwa mdomo. Hata hivyo ananishinda.

Leo ameandika kwamba kuna sinema zisizo na maneno. Za zamani sana, nyeusi na nyeupe, vichekesho. Zilitengenezwa kabla sauti haijaingia kwenye sinema. Mfasiri hahitajiki. Kesho atamtuma Neema sokoni Old Town, kwa yule anayejaza filamu kwenye flash.

Kumbe wakati mi nalia juu ya cherehani, yeye anatafuta kazi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Salle imejaa. Filamu imeanza, mtu anakimbia, anagonga mlango, kimya. Batu wakapiga kelele: «Baffle imekufa! Sauti!» Mzee mmoja wa Burundi akasimama, akaufuata waya kwa kidole kutoka baffle, spika yetu, mpaka betri, akatangaza kwamba yeye haoni kosa. Wakaanza kumwita Papa Neema. Yeye kasimama pale, mikono inaning'inia.

Nikashika mikro mi mwenyewe. Mtu wa filamu anateleza, mi nasema: «Anateleza.» Anaanguka, mi nasema: «Ameanguka.» Franchement, hata mbuzi angefasiri vizuri zaidi. Papa Neema akaninyang'anya mikro, akaizima. Baadaye ameandika: *Hizi hazitaki maneno. Nyamaza, uangalie.*

Nimenuna mpaka saa ya chakula.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Anaangalia kwenye ordinatere, ile kompyuta ya salle, tangu asubuhi. Flash ina filamu kama arobaini. Anatafuta zinazofaa kwa watu wetu. Majina yake hatuyajui, tunazibatiza wenyewe.

Zile za kupigana keki usoni amezifuta zote. Nilidhani anatania. Ameandika: *Posho imepunguzwa. Hapa hawatacheka, wataangalia unga unavyopotea.* Njo vile. Mi mwenyewe niliangalia unga.

Amefuta pia zile ambazo mtu anaanguka na kulala. Ameandika kwamba kuanguka peke yake si kichekesho. Kichekesho ni pale mtu anasimama, anapangusa kofia, anaendelea kama hakuna kitu.

Zimebaki sita. *Mwenye Ngazi*: fundi ameingia kwenye harusi na ngazi begani, kila anayemwita anamgeukia, na kila akigeuka bibi harusi anaangushwa. *Farasi wa Zimamoto*: nyumba inaungua, farasi anakula majani. *Mama wa Beseni* anateremka mlima ndani ya beseni, anapita katikati ya soko, na hajaacha kufua. *Mwokaji*, unga wake umeumuka mpaka umewasukuma wateja nje. *Pacha*, ambayo mi sikuielewa.

Ya sita ni *Mtu wa Kitanda*. Mwembamba, amefukuzwa nyumba, anazunguka mji mzima na kitanda mgongoni. Akichoka anakitua, anavaa kofia ya kulalia, anajifunika. Polisi anakuja, anamfukuza. Anakibeba tena. Kwenye daraja, kwenye mlango wa kanisa, mbele ya duka la vitanda. Kila mahali anatandika shuka vizuri kabisa, anapiga mto ngumi mbili. Huyu ni mkimbizi, hakuna asiyemjua. Nimecheka mpaka nimeshika tumbo, halafu nikakumbuka godoro tulilotoka nalo Bukavu. Papa Neema ameziba mdomo kwa mikono yote miwili ili asicheke.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Nimegombana na mgonjwa. Naandika ili nitue.

Nilikuwa nimekwenda mjini Mponela kununua nyuzi. Narudi, bado niko njiani karibu na bomba la maji, nasikia kicheko. Chenyewe. Kutoka salle, na leo hakuna filamu. Nikatupa mfuko, nikakimbia, nikaugonga mlango mpaka ukafunguka. Amejifungia peke yake, mikro mdomoni, *Mtu wa Kitanda* kwenye ukuta, anacheka na machozi yanamtoka. Siku tano kabla ya kisu!

Nikampigia kelele mpaka majirani wakatoka. Nikang'oa waya wa mikro. Yeye amechukua cahier. Halafu ameandika: *Nilikuwa kazini.*

Kazi gani, na salle ni tupu? Kichwa kigumu. Mikro nimeificha ndani ya gunia la vitambaa, chini kabisa. Hataiona.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Lilongwe. Karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini tumeipata dakika ya mwisho. Minibasi imepita Kanengo, harufu ya tumbaku imemfanya akohoe, nikamfunika pua kwa kitenge changu. Tangu alhamisi hajaandika neno.

Saa ya kuwaacha wagonjwa ilipofika amenishika mkono. Akafungua mdomo. Nikamwekea kidole kwenye midomo. Dokta amekataza, nikasema.

Akafunga mdomo.

Jumanne, tarehe 25 Juni

Wamesema imekwenda vizuri. Zikomo, zikomo, kila mtu zikomo. Na mi nasema zikomo. Ndani sina shukrani yoyote.

Ana bomba shingoni. Leo amelia. Hakuna sauti, ni upepo tu unapita pale kwenye tundu.

Nikiwa nimekaa nje kwenye ukuta, nimetafuta sauti yake kwenye simu. Ziko mbili. «Nunua unga.» «Niko naja.» Basi. Miaka kumi na moja anasema mbele ya batu, na hakuna aliyerekodi hata siku moja. Alikuwa anafasiri palepale, filamu ikiisha na maneno yameisha. Mi mke wake sikuwahi kufikiri. Mjinga mi.

Nimesikiliza «Niko naja» mpaka betri imekufa.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Tuko nyumbani. Baridi. Nimemshonea vitambaa vya shingo sita, vya pamba, kola zimenyooka. Akitaka kuniita anagonga meza mara mbili.

Nilimwuliza alitaka kuniambia nini siku ile hospitalini. Ameandika: *Nimesahau.* Simwamini.

Ameomba mikro yake. Nikamuuliza ya nini sasa. Nimeuma ulimi, lakini neno limeshatoka.

Jumamosi, tarehe 20 Julai

Usiku sana. Naandika hivyohivyo.

Amefungua salle. Amemwandikia Neema aanze na *Mtu wa Kitanda*. Watu wamekuja kwa heshima, kama matanga. Kimya. Mtu mwembamba anatolewa nje, anakibeba kitanda, anakitua darajani, anapiga mto ngumi mbili.

Na kwenye baffle, kicheko.

Kile. Kimeanzia tumboni, kimekwama, kimemwagika. Watu wakageuka wote kumwangalia. Papa Neema amekaa pembeni yangu na kitambaa chake shingoni, mdomo umefungwa. Polisi amekuja, kicheko kimepanda. Sasa salle nzima inacheka, wanawake wanapiga mapaja, mzee wa Burundi anakohoa kwa kucheka. Mabega ya mume wangu yanacheka, tundu linapuliza. Na yule wa baffle anacheka naye. Mi nililia, nikacheka, sijui nilifanya nini.

Alikuwa anarekodi. Ile alhamisi. Njo kazi yenyewe.

Mtu wa kitanda amefika kanisani, anatandika shuka, mara mlango unagongwa kwenye baffle, halafu sauti yangu: «We! Zima! Unataka kufa? Unataka kuniacha na nani? Zima hiyo kitu!»

Tak. Halafu hakuna.

Watu wakacheka zaidi. «Mama Neema!» Wakanipigia makofi. Filamu ikaendelea bila sauti mpaka mwisho. Mi nilitoka nje, nikashika ukuta.

Jioni nimefungua cahier. Majina sita, na mbele ya kila jina ameandika: *kicheko*. Moja tu, *Mtu wa Kitanda*, limepigwa mstari. Mengine matano hayana mstari. Alibakiwa na siku tano. Mikro ilikuwa kwenye gunia langu.

Jumapili, tarehe 21 Julai

Kanisani sikuimba.

Neema anasema kwenye ordinatere anaweza kukata ile kelele yangu mwishoni. Ni kazi ya dakika moja. Nikamwambia kata, kata upesi. Papa Neema akaweka kiganja juu ya ordinatere, akatikisa kichwa. Hajaandika kwa nini, na sikumwuliza. Kelele imebaki.

Mikro nimeitoa kwenye gunia. Nimeipangusa, nimeitundika kwenye msumari wake. Nimepika nsima laini, ugali wa huku, anaimeza polepole, lakini anameza.

Amegonga meza mara mbili. Naenda.