Siku Nilimuita Ngoie Mutoto Yangu

Yaya Kalenga, dada yangu mukubwa,

Nakuandikia na haya. Kama ungekuwa bado ku soko ya Naviundu, ningepita njia ingine ili usinione.

Kule Ruashi, mvua na upepo viliondoa mabati ya nyumba ya masomo ya Ngoie, mutoto yako. Batoto banasomea chini ya hema ya plastiki, banakaa ku simenti. Balimu nabo bamechoka kungojea mushahara. Basi bazazi bakasema twende bote ku komini, tufanye marche, tutembee na kudai mabati. Bakanichagua miye nisome barua mbele ya bourgmestre, mukubwa wa komini, juu najua Kifransa. Unakumbuka ulivyocheka wakati nilianza kusema "bonjour" hata kwa kuku? Ni weye ulikuwa unanifulia shati ya masomo. Weye mwenyewe ukabaki ku soko na nyanya.

Tulipofika ku komini, mama mumoja, Mama Kabange, akaangalia viatu vyangu vya kungaa, akauliza mbele ya bantu bote:

"Papa, weye njo utatusemea. Mutoto yako anasomaka wapi?"

Yaya, Christelle yangu anasoma ku masomo ya kulipa. Basi ya masomo inamukamata ku mulango. Ngoie, ule uliniachia ku kitanda ya hospitali ukisema "sasa ni wako," njo anakaa ku simenti. Muke wangu alisema hatuwezi kulipia babili. Miye nikanyamaza, juu ilinifaa.

Ngoie alikuwa pembeni yangu. Nikamushika bega.

"Mutoto yangu ni huyu."

Bakapiga makofi. Nikasoma barua na sauti kubwa. Neno lako lilikuwa la kweli, Yaya, na miye nikajificha nyuma yake. Na mutoto... alikuwa anacheka na meno yote. Ku njia ya kurudi akaacha kuniita mujomba, akaniita Papa. Tulipofika ku nyumba akauliza: "Papa, sasa na miye nitapanda ile basi na Christelle?"

Nikasema kichwa inaniuma.

Mabati ilikuja, lakini ya vyumba vidogo tu. Chumba ya Ngoie bado iko wazi. Bazazi banataka kurudi ku komini, na bameniita tena. Mbele ya kuitika, nilienda kwa Mama Kabange ku soko, nikamuambia yote. Hakupiga kelele. Aliendelea kupanga mihogo yake, kisha akasema: "Barua utasoma. Kifransa yako tunaihitaji. Lakini mutoto umuache ku nyumba."

Afazali angenitukana.

Nimeongea na Mama Christelle. Tumegombana, amelia, hatujamaliza. Na haya yangu haijaisha. Lakini nakuahidi hii, Yaya: likizo ikiisha, masomo yakifunguliwa tena, hawa batoto babili batatoka asubuhi na njia moja. Kama ni ku basi ao ku simenti, sijui bado. Na Ngoie akiniita Papa, nitaitika, hata kama hakuna muntu anatuangalia.

Pumzika, Yaya. Usinisamehe mbio-mbio.

Mudogo yako,
Ilunga