Mtungi Wako wa Marashi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila ya kukuamkia. Hukunilea hivyo.

Nimeufungua mtungi wako wa marashi.

Unakumbuka mwaka tulipohamia Nizwa, huku Omani, kutoka Unguja? Mzee mmoja wa mlima wa Jabal Akhdhar alikuletea marashi ya mawaridi, ya kutia katika kahawa, yaliyotoka motoni karibuni. Ulipoyaonja ulikunja uso, ukasema yananuka jiko. Alikueleza kwa upole kwamba marashi mapya ndivyo yalivyo: moshi wa kuni umo ndani yake, na ukali wake unakwaruza koo. Yatiwe katika mtungi wa udongo, yawekwe chumba cha baridi, yaachwe. Moshi utatoka kidogo kidogo, machicha yatatuama, na utamu wa waridi, ambao mwanzoni hausikiki, utakuja mwisho.

Wewe katika maneno yote hayo ulishika mtungi tu. Kwetu mtungi hautiwi maji kabla ya kufukizwa, basi ukaupindua juu ya chetezo, ukaushibisha ubani kama alivyokuwa akifanya mama, kisha ukamimina marashi. Majirani walipokuja kunywa kahawa, Bi Shamsa, yule aliyekulia Bujumbura, alionja, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Zuwena," alisema, "tunywe au tujifukize?"

Wanawake walicheka mpaka wakajifuta machozi. Hukutaharuki hata kidogo.

"Mwakani mtakuja na chupa zenu," uliwajibu.

Na walikuja. Mwaka ulipopita, ubani ulikuwa umerudi nyuma ya waridi, ukawa husikika baada ya kumeza tu. Bi Shamsa alikuja na chupa mbili. Tangu hapo, kila majira ya mawaridi ulifukiza mtungi wako, na mimi nikaizoea ladha ile hata kahawa ya nyumba nyingine ikawa hainikai.

Mtungi wa mwisho uliujaza kabla ya maradhi yako. Tulipokwisha kukuzika, nilikataza usiguswe. Nilidhani ninakuhifadhia. Mwaka huu watu wa Ibra waliposema wanakuja kumposa mjukuu wako Maryamu, aliniomba marashi ya bibi yake kwa ajili ya kahawa yao. Nilimkatalia. Hakubishana nami. Aliuinua mtungi kwa mkono mmoja, akaniletea niushike.

"Babu, mtungi hii imekuwa nyepesi. Udongo inayanywa."

Ungeshangaa, dada: sikumsahihisha Kiswahili chake. Niliushika, nikaona ni kweli. Nilikuwa ninayalinda marashi yako, nayo yanakwisha mikononi mwangu.

Tukaufungua. Rangi yake ilikuwa ya chai nyepesi. Moshi haukuwamo, ukali haukuwamo. Waridi lilikuja taratibu, likakaa ulimini muda mrefu. Kwa haki, hujapata kuweka marashi mazuri kuliko yale. Mama wa kijana aliuliza yanauzwa wapi, nikamwambia hayauzwi. Posa ikakubaliwa, Maryamu akafurahi, nami nikafurahi kwa ajili yake.

Lakini mimi nilikuwa ninautafuta ubani. Nilimeza nikangoja. Nikaomba kikombe cha pili, nikameza nikangoja tena. Haukuwamo. Miaka imeuondoa pamoja na moshi, imesafisha kila kitu, na marashi yaliyobaki yangeweza kutoka katika mtungi wa mtu yeyote. Nilikaa na wageni wale nikizungumza nao kama inavyopasa, na moyoni nilikuona ukitolewa mlangoni mara ya pili, kama siku tuliyokuzika.

Mtungi ulipokwisha, nilinunua marashi mapya kwa mtoto wa yule mzee wa Jabal Akhdhar. Kabla ya kuyatia nilitoa chetezo chako kabatini, nikaupindua mtungi juu yake, nikatia ubani mwingi kupita kiasi. Nilikohoa. Maryamu alifungua madirisha yote, akaniuliza kama kweli ndivyo ifanywavyo. Nilimwambia kwamba ndivyo alivyofanya bibi yake.

Hayanyweki, dada. Yana moshi, yanakwaruza, na yananuka ubani mtupu, kama nyumba yetu ya Unguja siku ya Ijumaa. Watoto wananiambia niyaache mpaka yakomae. Nami nimewaahidi kwamba yatakaa. Lakini kila asubuhi, kabla hawajaamka, ninakinyanyua kifuniko na kuonja kidogo, maadamu hayajawa mazuri.

Mungu akulaze pema.

Mdogo wako