Jina la Swafwan kwenye gemu

Ryan, uko? Niko hapa Wiyoni kwa Bi Alawiya, mwenye nyumba wangu. Nimeharibu. Haki nimeharibu.

Unakumbuka ile gemu ya zamani ya marehemu mwanawe, Swafwan? Ilikataa kuwaka, akaniomba niitazame. Mimi mjuaji nikaanza kufungua kaseti yake, ile ya kuchomeka yenye gemu! Nikaona kabetri kadogo ndani, nikasema ndiko kamekufa. Nikakatoa, nikaweka kapya.

Wapi! Kumbe ni waya wa adapta umekatikia ndani. Nikauunga, taa ikawaka, Bi Alawiya akapiga kigelegele.

Halafu akavuta kiti karibu na TV. "Bwana Jabez, jina la mwanangu liwapi?"

Jina gani tena? Kumbe kila Idi huiwasha aone tu SWAFWAN, vile kijana alivyojiandika mwenyewe. Na kale kabetri ndiko kalikuwa kamehifadhi hilo jina, Ryan. Kalikuwa bado kanafanya kazi! Nimekatoa mimi, kwa mkono wangu.

"Liwapi?" ameuliza tena.

Nimemwambia gemu za zamani huchelewa kufunguka.

Amesema haidhuru, atangoja. Bado amekaa hapo, anaangalia TV.