Fundi Aliyeipunguzia Fomu ya Bima Inchi Mbili

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa najua utanicheka, maana nakusoma kila Jumamosi na sijaona hata mmoja uliyemhurumia mpaka mwisho. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka sitini na moja, nina karakana ya chumba kimoja chenye vyerehani vitatu, na mume wangu ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mimi namwita Mwalimu na yeye ananiita Fundi, na tumeishi miaka thelathini na minne bila kufichana kitu, isipokuwa hiki ninachotaka kukwambia.

Nina presha, nina sukari, na hizo Mwalimu anazijua, lakini mwaka jana moyo ulinisumbua nikalazwa siku nne, na hilo halijui, kwa sababu nilimuaga naenda semina ya mashine mpya za kudarizi, dada yangu ndiye aliyenipeleka hospitali, na niliporudi na plasta kwenye mkono pale walipoweka dripu nikasema mashine imenichoma, naye akasema, “Kumbe mashine mpya ni kali,” yakaisha. Dawa za moyo nazificha karakana ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, chini ya vile vifungo vikubwa vya makoti visivyo na mwenyewe. Si kwamba napenda uongo, Shangazi. Mama yangu alipoambiwa moyo wake ni mgonjwa alikalishwa kwenye kiti kama mtungi, akakatazwa hata kuokota sindano, na mimi nasema alikufa kwa kukaa kabla hajafa kwa moyo. Kufa naogopa, sikatai, lakini kukaa bure naogopa zaidi.

Sasa binti yetu mkubwa ametukatia tiketi tukapumzike ng'ambo wiki mbili, tangu tuoane hatujawahi kwenda popote ila misibani na harusini, na kumbe huwezi kwenda hivi hivi, lazima uwe na bima ya safari, basi wakala wa bima, ambaye ni mteja wangu, akaja na fomu yake hapo hapo karakana. Akaniuliza una presha, una sukari, umewahi kulazwa miezi ishirini na minne iliyopita, unatumia dawa yoyote, na mimi, Shangazi, kwa mazoea ya kazi, nikajibu hapana, hapana, hapana, hapana. Naomba unielewe. Mteja akija nikimpima kiuno, kwenye karatasi anayoondoka nayo naandika kiuno anachokitaka, nampunguzia inchi mbili, na kwenye daftari langu naandika kiuno alichonacho, kisha nashona kwa daftari langu, nguo inamkaa, anafurahi, hakuna aliyeumia. Huyo wakala mwenyewe nampunguzia kiuno mwaka wa sita sasa. Nami nikaona hata fomu ni ya kufurahisha watu tu, na nikikubali moja wataniuliza la pili mpaka wafike kwenye moyo, na barua zao zinakuja nyumbani, na anayefungua barua ni Mwalimu. Wakala akafurahi kweli, akasema, “Mama, wewe uko fiti kuliko mimi!” nikatia sahihi.

Safari ni baada ya wiki tatu. Nauliza, niache fomu kama ilivyo, nimeze dawa zangu kimyakimya, maana ni wiki mbili tu, au nifanyeje?

Na huyu mume naye nimwambie nini, maana tangu tiketi zije amekuwa bahili wa furaha. Anasema hata nyumbani mtu anaweza kupumzika. Amempigia binti yetu kumuuliza kutoka hotelini mpaka hospitali ni mwendo gani, mtu anajitabiria mabaya! Tukipanda ngazi za kanisani anasema magoti yanamuuma, tusimame kidogo, magoti ambayo hayajawahi kumuuma toka nimjue. Na ananiaibisha mtaani, miezi mitatu iliyopita alikuja karakana kutafuta kifungo cha shati lake la bluu, mimi nilikuwa nje na mteja, akaondoka bila kifungo, na mpaka leo analivaa hivyo hivyo, kifungo cha pili kutoka juu hakipo, mume wa fundi! Nikimwambia alilete nishone ananiangalia tu, anasema, “Ukiwa tayari, Fundi.” Niko tayari kila siku, kazi yangu ni nini?

Nisaidie,
Fundi asiyetaka kiti

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi wangu, nimecheka kama ulivyotabiri. Hongera. Kwa mujibu wa fomu yako, wewe ndiye mwanamke mzima wa afya kuliko wote waliowahi kufikisha miaka sitini na moja. Hospitali zifungwe, madaktari wapewe vyerehani.

Hebu tuzungumze kifundi, labda utanielewa. Ile karatasi ya inchi pungufu haimdhuru mteja kwa sababu nguo unaishona kwa daftari lako. Siku ukishona kwa karatasi yake, zipu itapasuka mbele ya wageni, si ndiyo? Basi kampuni ya bima hushona kwa karatasi. Daftari la kweli liko kwa daktari wako, na kampuni italiomba siku moja tu, siku utakayodai walipie matibabu. Ukiwa umelazwa ng'ambo na mipira puani, mtu mwenye sauti ya upole atakusomea maneno yako mwenyewe: hapana, hapana, hapana, hapana. Halafu atakutakia nafuu ya haraka na kukata simu, na binti yako, aliyedhani amewapa wazazi zawadi, ndiye atakayeachiwa bili ya hospitali ya watu. Hata ukiteleza bafuni ukavunjika mkono wanaweza kukataa, kwa kuwa fomu ya uongo huweza kuiharibu bima yote, si upande wa moyo peke yake.

“Ni wiki mbili tu,” unaniambia. Moyo wako umepewa taarifa hiyo?

Jumatatu asubuhi, kabla hujagusa cherehani, mpigie huyo wakala umwambie unataka kurekebisha majibu. Usimwambie “nilisahau,” hakuna mtu anayesahau siku nne za dripu. Utapandishiwa malipo, ndiyo, na utanuna, na utalipa. Wakisema watakukatia bima lakini moyo hawaugusi, washukuru uende kampuni nyingine, maana bima inayokulinda kila mahali isipokuwa unapoumwa ni kanga ya kufunika visigino. Ukikubaliwa, taka kwa maandishi kwamba presha, sukari na moyo vyote vimo, na uyasome masharti mpaka mwisho, na zile herufi ndogo pia, wewe si unatunga uzi kwenye sindano bila miwani? Na kabla hujalipa chochote nenda kwa daktari umuulize kama unaruhusiwa kupanda ndege. Akikataa, husafiri, na usiniandikie barua ya pili. Akikubali, akupe barua yenye majina ya magonjwa na dawa zako. Dawa zikae kwenye pakiti zake, ndani ya mkoba unaoingia nao kwenye ndege. Lile kopo la vifungo ukifika nalo uwanja wa ndege, sijui utamweleza nini askari wa ukaguzi. Semina ya kudarizi?

Sasa nije kwa huyo bahili wa furaha. Umeandika mwenyewe, mimi nakusomea tu.

Mtu aliyekuja karakana kutafuta kifungo, Fundi, atatafuta wapi? Kwenye cherehani? Alifungua kopo. Ni mwalimu wa hesabu, na mtu wa hesabu hachukui kifungo cha juu juu, anachimba mpaka apate kinachofanana. Akafika chini ya vile vya makoti. Akakumbuka plasta na mashine kali. Kisha akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kuondoka bila kifungo, na tangu siku hiyo magoti yanamuuma kwenye ngazi, na anataka kujua hospitali ya huko iko mbali kiasi gani. Wewe ukaona ni ubahili! Mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe umefichuliwa na shati, na bado hujastuka.

Ulisema unaogopa kiti. Mimi nilitaka kukugombeza hapo, nikashindwa, kwa sababu mama ni mama na sitakuambia hukuona ulichokiona. Ila hesabu na wewe kidogo. Mumeo amejua miezi mitatu. Karakana imefungwa? Umekatazwa kuokota sindano? Kiti kiko wapi? Alichokuomba ni msimame kidogo kwenye ngazi, na hata hapo akasingizia magoti yake ili wewe usione haya. Anaogopa kukupoteza, mwanamke wewe, na anaogopa peke yake, kwa sababu mwenzake yuko bize kuficha vidonge chini ya vifungo.

Kwa hiyo usisubiri barua ya bima ikusemee. Leo hii mwambie avue hilo shati la bluu. Leta kopo nyumbani, ulimwage mezani mbele yake, vifungo na vidonge pamoja, na mkitafute wote wawili hicho kifungo cha pili kutoka juu. Kishone yeye akiangalia. Halafu mwambie, “Mwalimu, niko tayari.”