Ukuta wa Upande Wangu

Nyumba Na. 29, Mtaa wa Hindle,
Haslingden, Lancashire.
26 Februari 2023

Mpendwa mwanangu Gaynor,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na Dale na Brynn. Goti linaendeleaje baada ya upasuaji? Unapanda ngazi sasa, au bado unashuka kwa makalio kama ulivyonisimulia kwenye simu? Mimi sijambo kiasi. Miguu inauma asubuhi, lakini kifua ni kizima na hamu ya chakula inaanza kurudi. Jana nilimaliza sahani nzima ya viazi na nyama ya kondoo, mara ya kwanza tangu tumzike kaka yangu, baba yako.

Maua yako yalifika, yakakaa siku kumi na moja. Najua ulivyoumia kuyatazama mazishi kwenye simu ukiwa kitandani huko Winnipeg. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Hata wale wazee wenzake wa njiwa wa mashindano walikuja, wamevaa suti zinazonukia kabati. Kanisani palikuwa na baridi, nikamsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Norris angepapenda hapa, pako kama kwake." Tukacheka huku tunalia.

Sasa Gaynor, nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuna jambo sijakwambia. Kwenye simu ningezungukazunguka mpaka muda uishe.

Ulijua mimi na baba yako hatukuwa tukisemezana. Hukujua sababu, maana yeye alikwambia ni ugomvi wa njiwa, nami nikauacha uongo huo ukae.

Haikuwa njiwa. Aprili mwaka jana walikuja watu wa mradi wa kuzifunika kuta kwa nje, kubandika mbao nene za povu kisha kupiga lipu juu yake, ili joto lisitoroke. Bure kabisa kwa wazee. Ila kwa kuwa nyumba yangu na ya baba yako zimeshikana ukuta mmoja, walitaka sote wawili tutie saini, la sivyo waende mtaa mwingine. Mimi nilitia saini kabla hata chai haijapoa. Nikampelekea yeye karatasi mlangoni.

"Unataka kuivisha nyumba koti?" akaniuliza. "Nyumba si kijibwa cha tajiri, Avril."

"Nataka kulala bila soksi mbili."

"Matofali haya Baba aliyatoa tanurini kwa mikono yake. Wewe unataka kuyafukia kwa povu."

"Baba huyohuyo alikuwa analala na kofia!"

"Basi na wewe vaa kofia."

Ningecheka hapo, mambo yangeishia hapo. Sikucheka. Nilimwambia: "Endelea na matofali yako. Siku utakayokutwa umeganda kama samaki wa dukani, usitume mtu kunigongea." Alinitazama kidogo, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningejisikia nafuu.

Ikapita miezi tisa. Tulikuwa tunapishana kwenye njia ya nyuma, kila mtu na pipa lake la taka, hatuangaliani. Nilimsikia akikohoa kupitia ukuta kuanzia Novemba. Nilisikia vizuri sana, Gaynor. Mara nyingine niliongeza sauti ya redio.

Krismasi nilikwenda Morecambe kwa rafiki yangu Glenys, nikakaa siku kumi na tano. Nilizima boila kabisa. Gesi ilivyopanda, nani anapasha joto nyumba isiyo na mtu?

Nilirudi tarehe nne Januari, mchana. Mapazia yake yalikuwa yamefungwa na chupa mbili za maziwa alizoletewa bado ziko kizingitini. Nikafungua kwa ule ufunguo wa mlango wake ambao Mama aliniachia. Vyumba vyote vilikuwa vimefungwa isipokuwa kile cha nyuma. Humo nilimkuta kwenye kiti chake, amevaa koti zito na glavu, blanketi juu. Midomo ilikuwa ya buluu, lakini alikuwa anapumua. Kiti alikuwa amekisukuma hadi mgongo wake umegusa ukuta, ule tunaochangia. Sikuelewa. Nikaita gari la wagonjwa, nikavua koti langu nikamfunika nalo kichwa.

Hospitali walisema ni homa ya mapafu. Siku ya pili alifumbua macho akaniona.

"Glenys hajambo?" akaniuliza, kana kwamba tuliachana jana yake.

"Umejuaje nilikuwa kwa Glenys?"

"Krismasi huendi kwingine. Nilijua umeondoka. Ukuta ulipoa."

"Ukuta gani?"

"Wako, bwege wewe. Kwangu pande tatu ni upepo mtupu. Ukuta wako tu ndio wenye joto. Nimehamishia kiti pale tangu Oktoba."

"Na hita yako, Norris?"

"Ya nini? Ya kwako ilikuwa inawaka." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja kunitoa.

Kesho yake nikamwomba anisamehe kwa maneno yale ya mlangoni. Akasema, "Maneno gani?" Sijui kama alikuwa amesahau au alinihurumia. Alifariki siku ya sita, asubuhi, nimemshika mkono. Hilo ulilijua. Haya mengine hukuyajua.

Wiki iliyopita binti mmoja wa ule mradi wa kuta alirudi, anaitwa Shazia, kwao Blackburn. Ana kamera inayopiga picha ya joto. Alisimama barabarani akanionyesha nyumba zetu: yangu imeng'aa rangi ya chungwa kuanzia chini hadi kwenye mifereji ya mvua ya paa, joto langu lote linamwagika nje. Ya baba yako ilikuwa nyeusi tii. Akanieleza kwamba kuta zetu ni matofali yaliyoshikana bila nafasi yoyote katikati, na kwamba nyumba ya mwisho kwenye safu kama ile hutegemea joto la jirani wake mmoja tu. Alisema kwa upole, hakujua anachokisema. Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Daktari aliniambia kifua chake kilikuwa kibovu kwa miaka mingi, na kwamba nisijitese. Huenda ni kweli. Lakini zile siku kumi na tano ni zangu, siwezi kumbebesha daktari. Nilidhani nazima boila yangu. Sikuuliza kamwe ni nani yuko upande wa pili.

Nyumba sasa ni yako, na Shazia anahitaji saini yako kabla ya Mei. Nimekuwekea karatasi ndani ya bahasha hii. Ukikataa kwa sababu ya matofali ya babu yako nitaelewa, sitasema neno. Ukikubali, nimemwomba waache yale ya kuzunguka mlango wa mbele yaonekane, naye amesema inawezekana. Ukitaka kuuza, uza, ila ningefurahi akaingia mtu mwenye kelele.

Njiwa nimewapa wale wazee. Jike lake la kijivu limerudi mara mbili kukaa juu ya paa, wakaja kulichukua.

Jambo moja tu nakuomba. Ukimaliza kusoma huenda ukanikasirikia, na una haki. Basi niandikie hiyo hasira yote, au nipigie unifokee. Usininyamazie. Mimi na baba yako tulinyamaziana miezi tisa, tukapata siku nne za kuongea.

Nisalimie Dale, na mwambie Brynn soksi alizonifumia nimezivaa ninapoandika. Glenys anakupa pole. Mungu akulinde huko kwenye theluji, aliponye goti lako, na aijalie nyumba yako isikose sauti ya mtu.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na ninayengoja jibu lolote,

Avril Duxbury